Asidia ni jamaa ya nani?

SWALI: Shikamoo, Mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi wa baiolojia. Kitabu kimoja kinasema asidia ni mnyama asiye na uti wa mgongo. Kingine kinamweka katika faila moja na samaki, ndege na binadamu. Nikitazama picha naona mfuko tu uliojibandika mwambani, unaorusha maji ukiminywa. Nifuate kitabu kipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Vyote viwili vinasema kweli, ila kila kimoja kinajibu swali lake. “Wasio na uti wa mgongo” ni kapu: humo ametiwa kila mnyama aliyekosa uti huo, awe pweza, kaa au mnyoo, bila kuulizwa nani katokana na nani. Kodata, ile faila ya samaki, ndege na binadamu, ni ukoo. Asidia ni wa ukoo huo pamoja nasi, ingawa hana mfupa hata mmoja.

Aliyekomaa hadanganyi wewe peke yako. Linnaeus, Mswidi aliyepanga viumbe katika makundi katika karne ya 18, alimweka miongoni mwa minyoo, na baada yake wengi wakamhesabu kuwa moluska, jamaa ya chaza asiye na kombe. Aliyefumbua fumbo ni Mrusi Alexander Kowalevsky, mwaka 1866, kwa kuchunguza jinsi mtoto anavyokua tangu yaini. Lava, yaani mtoto, wa asidia anafanana na kiluwiluwi. Ndani ya mkia wake mna notokodi, ufito laini unaoukaza mwili, na juu ya ufito huo umepita uzi wa neva wenye uwazi ndani. Sisi pia tulikuwa na vitu hivyo viwili tumboni mwa mama zetu. Katika Ciona, jenasi ya asidia inayochunguzwa sana, notokodi ya lava ina seli 40 tu, na mtu anaweza kuzihesabu kwa hadubini. Nimeziona mara nyingi, na bado hunisisimua.

Lava huyo hali chochote. Huogelea kwa saa chache, pengine siku kadhaa, kisha hujigandisha kwa upande wa kichwa penye mwamba au ubavu wa meli. Mkia hufyonzwa na mwili wake mwenyewe, na notokodi hutoweka nao. Linalobaki ni koo pana lenye matundu mengi ya kuchujia chakula, na matundu hayo nayo ni alama ya kodata. Nje hujivika vazi lenye selulosi, ile ile ya mimea. Hatujui wanyama wengine wanaojitengenezea selulosi. Ndiyo maana nusufaila yao ikaitwa Tunikata, wenye kanzu.

Undugu wenyewe ni wa karibu kuliko ilivyodhaniwa. Zamani nafasi ya ndugu wa karibu zaidi wa wenye uti wa mgongo alipewa amfioksi, kijinyama chembamba mfano wa samaki anayejifukia mchangani, kwa kuwa umbo lake linafanana zaidi na letu. Mwaka 2006 ulinganisho wa jeni nyingi uliigeuza hukumu hiyo: kati ya wanyama wote walio hai, tunikata ndio walio karibu zaidi na wenye uti wa mgongo.

Vitabu vingi vinawagawa tunikata katika ngeli tatu: asidia, salpa na wenzao wanaoelea baharini, na apendikularia wanaobaki na mkia maisha yao yote. Uijue orodha hiyo, lakini usiitegemee sana. Jeni zinaonyesha kwamba salpa wamechipuka ndani ya asidia wenyewe, kwa hiyo “asidia” ni jina la namna ya kuishi, kukaa umeganda mahali pamoja, kuliko la tawi moja kamili.

Usimchanganye pia na hemikodata, wale minyoo wa matopeni. Nao wana matundu kooni, na mwishoni mwa karne ya 19 mwanabiolojia Mwingereza William Bateson aliwaingiza katika kodata. Leo wanawekwa upande wa kiti cha pweza na jongoo bahari, kwa ushahidi wa lava wao na wa jeni pia.