Mwache akung'ang'anie: nilivyomzoesha binti yangu bwawa la kuogelea

Alama za kucha zilikaa shingoni mwangu siku mbili. Binti yangu alikuwa na miaka 2 na miezi 3, na ndiyo kwanza tumeingia bwawani. Maji hayajanifika hata kiunoni, akanikwea kifuani kama anayepanda mti: mikono shingoni, miguu mbavuni, uso kaufukia begani. Nami nilikuwa nimeshajiapiza kwamba leo ni leo, kwa hiyo nikaanza kumbandua, kidole kimoja kimoja. Nikifaulu kuutoa mkono wa kulia, wa kushoto umeshakamata sikio.

Alilia mpaka akapaliwa. Dakika 5 hazikufika tukatoka, yeye ana kwikwi, mimi nina aibu. Wiki iliyofuata aliliona tu lile begi la taulo, akaenda kujificha nyuma ya mlango.

Nilikosea mengi siku ile, ila kosa lililozaa mengine yote ni hilo la kumbandua. Mtoto anayekung'ang'ania hajawa mkaidi, wala hajaharibika kwa kudekezwa, hata kama watu walioko ukingoni wanakuangalia kwa jicho hilo. Hofu ya kuachwa na mzazi huanza kabla mtoto hajatimiza mwaka, hupanda sana kati ya miezi 10 na 18, na kwa wengi huja na kuondoka mpaka mwaka wa tatu. Sasa mchukue mtoto wa umri huo, umwondolee sakafu chini ya miguu, umweke mahali ambapo kila sauti inarudi mara mbili, pua inawasha kwa harufu ya klorini, na baba ambaye mtoto amezoea kumkamata ukosi wa shati leo ni kifua kitupu kinachoteleza. Mimi mwenyewe ningekamata sikio.

Hilo la shati lilinijia usiku nikiwa nimelala. Safari iliyofuata nilivaa fulana ya kuogelea. Aliishika mabegani kwa ngumi mbili, na kucha zikaiacha shingo yangu. Kitu kidogo, lakini ndipo mambo yalipoanza kubadilika.

Nikajiwekea sheria moja: mikono yake siitoi mimi, ataitoa mwenyewe. Kazi yangu ikawa kumtafutia sababu ya kuitoa. Tulikuwa na kikombe cha plastiki nilichokitoboa matundu matano chini kwa msumari wa moto. Ukichota maji nacho na kukiinua, kinanyesha mvua. Kukishika kunahitaji mkono mmoja, na kuikinga ile mvua kunahitaji wa pili. Mara ya kwanza alikishika kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiwa umekunja fulana yangu barabara. Safari ya tatu, amekaa pajani pangu kwenye ngazi ya bwawa, nikashtuka kuona mikono yote miwili iko kwenye kikombe. Sikusema kitu. Ningempigia makofi angekumbuka kuogopa.

Lakini nimeruka mbele. Kabla ya kurudi bwawani tulifanya mazoezi nyumbani, kwenye beseni. Nilianza kwa kumpa yeye zamu ya kunimwagia mimi. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha zamu yangu, kwa ishara ileile kila siku: "Moja, mbili, maji!" Maji yanamwagika baada ya neno hilo tu, hata siku moja sio kabla, kwa sababu ukimhadaa mara moja ishara haina maana tena. Tulianzia mabegani, tukaenda kisogoni, na mwisho kabisa kwenye paji la uso. Hapa nilijikamata nina tabia mbaya: kila tone likimgusa usoni nilikuwa nakimbilia kumpangusa, kana kwamba ni dharura. Nikaacha. Akapepesa macho, akaguna, yakaisha. Kupuliza mapovu kulimshinda, alikuwa anayanywa yale maji. Kilichofaulu ni kuvuma kama nyuki, mdomo umefungwa: "mmmm". Mtu akivuma hivyo hewa hutokea puani, na maji hayapati njia ya kupanda.

Bwawani kwenyewe, safari ya kwanza baada ya ule mkasa hatukuingia. Tulikaa ukingoni miguu ikiwa majini, tukaondoka. Ya pili tulifika ngazi ya juu. Najua inaudhi ukifikiria ulivyojipanga na ulivyobeba, lakini kila safari niliyomtoa angali anafurahia, iliyofuata ilianza vizuri. Dakika 20 zinatosha kwa mtoto wa umri huu. Nenda saa ambayo bwawa limetulia, awe ameamka usingizini na hana njaa.

Halafu kuna baridi, ambayo wazazi wengi tunaichanganya na woga. Ngozi ya mtoto mdogo ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo joto linamtoka upesi kuliko wewe. Mabwawa ya mashindano huwekwa nyuzi joto 25 hadi 28, ambazo mwogeleaji mzima anazifurahia. Mtoto mdogo anahitaji kama 30 hadi 32. Ukiona anatetemeka au midomo inageuka rangi, mazungumzo yameisha, mfunge taulo.

Na namna ya kumshika. Siku ile ya kucha nilimbeba juu, nje ya maji, nikidhani namhurumia. Kumbe ndiyo njia mbaya kuliko zote: mwili umelowa, unapigwa na upepo, naye anayatazama maji kutoka juu kama mtu aliyekwama darini. Siku hizi napiga magoti, au nakunja miguu, mpaka mabega yangu na yake yawe sawa na uso wa maji. Tunatazamana, mikono yake iko mabegani mwangu, yangu iko chini ya kwapa zake, na mimi natembea kinyumenyume. Nikirudi nyuma, maji yenyewe yanainyanyua miguu yake na anaanza kuelea bila kuambiwa aelee. Huhitaji kuwa mwogeleaji hodari kufanya hivi. Unahitaji kina kisichopita kiuno chako na pumzi iliyotulia, maana kifua chako kimebanana na chake na anasikia kila kitu.

Kuna watu watakuambia umtupe tu majini, atajifunza mwenyewe, ndivyo wao walivyojifunza. Nimeambiwa hivyo na watu wazima watatu, na wawili kati yao mpaka leo hawaweki uso majini. Sitaki hata kubishana nao. Mtoto akizamishwa kwa nguvu anaweza kuvuta maji kifuani, na baada ya hapo usimlaumu akikutilia shaka hata kwenye beseni.

Alipoanza kujiachia, kitu cha kwanza nilichomfundisha ni kurudi ukutani. Namzungusha, namwambia "geuka, shika", naye anakamata ukingo. Kisha tunatembea kama kaa, mkono kwa mkono, kandokando ya ukuta mpaka kwenye ngazi. Kutoka: viwiko juu, tumbo, goti. Tulirudia mpaka nikachoka mimi. Kulala chali ndiko kulikochukua muda mrefu zaidi, watoto wengi hawapendi kutokuona wanakokwenda. Kwetu ilifaulu kwa kulaza kichwa chake begani kwangu, shavu kwa shavu, tukihesabu taa za dari.

Sasa maboya ya mikononi, yale ya kupuliza. Nilinunua, na aliyapenda sana. Wiki mbili alikuwa anajiona samaki. Kisha siku moja, tukiwa tumemaliza, nimemvua maboya na nainama kukunja taulo, nikasikia miguu inakimbia kwenye vigae. Nilimdaka kwa mkanda wa nguo yake, mguu mmoja ukiwa tayari hewani juu ya maji. Hakuwa mtundu. Mwili wake ulikuwa umeshajifunza kwamba maji humbeba mtu, kwa sababu kila alipoingia yalimbeba. Kumbe maboya yale humsimamisha mtoto wima kama anayepanda ngazi, mkao ambao bila maboya unamzamisha, na pia huweza kuchomoka au kutoboka. Ni vichezeo, si vifaa vya kuokolea. Nikayatia pini siku hiyohiyo. Alilia kwa ajili ya maboya kuliko alivyowahi kulia kwa ajili ya maji.

Tangu siku ile nimeelewa kwamba mtoto mwoga hakunipa shida kubwa. Alikuwa amening'ang'ania, nilijua aliko. Mtoto aliyeondokewa na woga ndiye anayetaka macho mawili na mkono ulio karibu. Kuzama hakufanani na tunavyodhani: mtoto hapigi kelele, maana mdomo unatafuta hewa, na sentimita chache za maji zinamtosha. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, wanasema wengi wanaweza kuanza masomo ya kuogelea kuanzia mwaka 1 na kwamba masomo hayo hupunguza hatari, ila hakuna somo linalomfanya mtoto asizame. Kwa hiyo sheria yangu ya pili: akiwa majini au karibu na maji, awe mahali ambapo mkono wangu unamfikia bila kupiga hatua. Simu inakaa ndani ya begi. Hata nguo nilibadilisha. Ya kwanza ilikuwa ya buluu hafifu, nzuri sana, na akiingia majini inapotea kabisa. Sasa anavaa ya rangi ya machungwa inayoumiza macho.

Jambo la kupita tu: nepi ya kuogelea huzuia kinyesi kisielee, haizuii vijidudu. Mtoto anayeharisha abaki nyumbani, hata kama mmeshalipia.

Usishangae pia akirudi nyuma. Wetu alipata mafua, tukakosa wiki mbili, na tuliporudi akanikwea kifuani kama siku ya kwanza. Nilivunjika moyo, nakiri. Lakini nilimwacha anishike, nikashuka naye ngazi ya juu, nikatoa kikombe. Kilichotuchukua safari tatu mwanzoni kilichukua robo saa.

Juzi alikuwa amesimama kwenye ngazi ya tatu, maji yamemfika tumboni, mimi niko mbele yake nimepiga magoti. Akaniwekea kiganja kifuani, akanisukuma.

"Baba, rudi nyuma."

Nikarudi kidogo.

"Tena."

Nikarudi tena kidogo, mpaka ncha za vidole vyangu zikawa zinagusa nguo yake ya machungwa. Akapima kwa macho, hakuridhika.

"Tena, baba."

Hapo nikagoma.