Maswali ya wasomaji: sapu ya hesabu za dawa, emulsheni inayotengana, na fildi ya likizo

Barua za mwezi huu zimetoka Arusha na Moshi, na zote zinahusu shahada ya ufamasia kwenye vyuo vya umma. Wanaojibu ni wafamasia wanaofundisha. Barua tumezifupisha, majibu tumeyaacha yalivyo.

Nina pointi 7 za PCB. Niombe Muhimbili?

*Nimemaliza kidato cha sita: Kemia C, Baiolojia D, Fizikia D. Nyumbani wanasema nisipoteze hela ya maombi. Msomaji, Sakina, Arusha.*

Pointi zako umezihesabu vizuri: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kima cha chini ni pointi 6 kwa masomo hayo matatu, lakini hicho kinakuruhusu kuomba tu. Muhimbili waombaji ni wengi kuliko nafasi, na uchaguzi huanzia kwa wenye alama za juu. Omba, ila usiombe hapo peke yake. Bugando kule Mwanza na St. John's ya Dodoma nao wanatoa shahada hii, ingawa si vyuo vya umma, kwa hiyo ada yake iangalie kabla hujajaza. Soma pia mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka huu mstari kwa mstari, maana mbali na jumla ya pointi, huwekwa alama ya chini ya kila somo. Ukichaguliwa vyuo viwili, thibitisha kimoja kwa namba ya siri utakayotumiwa, na ufanye hivyo kabla muda haujafungwa.

Ikishindikana, Moshi kuna Kilimanjaro School of Pharmacy, diploma ya miaka mitatu. Ukitoka hapo unaweza kuomba shahada, ila wataangalia tena cheti chako cha kidato cha nne: Baiolojia, Kemia, Fizikia, Hisabati na Kiingereza. Ni njia ndefu, lakini wanaoipita hufika chuo kikuu mikono yao ikiwa imeshazoea mizani na kinu, na hilo lina faida kubwa kuliko wanavyodhani wazazi wengi.

Majina ya dawa nayajua, hesabu ndizo zinaniangusha

*Niko mwaka wa pili, nimerudi Machame na sapu (mtihani wa marudio). Naogopa kudisko (kuondolewa chuo). Nianzie wapi?*

Sapu moja si kudisko, mdogo wangu, lakini acha madesa kwanza, zile karatasi za muhtasari mnazopeana. Madesa yanakupa fomula bila kukuonyesha vipimo, na kwenye hesabu za dawa kosa hujificha kwenye vipimo. Kila mstari unaoandika uwe na gramu, miligramu au mililita mbele ya namba. Ukiona miligramu zimegawanywa kwa gramu, umeshalinasa kosa kabla ya msahihishaji.

Anza na asilimia. Asilimia ya uzito kwa ujazo ni gramu ndani ya ml 100. Lignokaini ya 2% ni gramu 2 katika ml 100, yaani mg 20 kwa kila ml, kwa hiyo chupa ya ml 20 ina mg 400. Adrenalini ya 1 kwa 1,000 ni gramu 1 katika ml 1,000, sawa na mg 1 kwa ml. Ile ya 1 kwa 10,000 ni mg 0.1 kwa ml. Anayezichanganya hizi mbili amekosea dozi mara kumi, na ndiyo maana swali hili halikosekani.

Halafu kuzimua. Unaambiwa utengeneze ml 500 za alkoholi ya 70% kutoka ya 95%. Zidisha 70 kwa 500, gawa kwa 95, unapata ml 368.4. Hapo wengi hutoa 368.4 kwenye 500, wakapima maji ml 131.6 na kuyamimina. Si sahihi. Alkoholi na maji vikichanganyika ujazo hunywea, hivyo utapata pungufu ya ml 500, na nguvu yake itazidi 70%. Weka alkoholi kwenye silinda, ongeza maji yakaribie mstari, changanya, subiri ipoe kwa sababu mchanganyiko hupata joto, ndipo ujaze hadi 500. Kwenye karatasi ya mtihani andika "maji hadi ml 500". Usiandike kiasi cha maji.

Pengine iliyokuangusha ni sapozitori, dawa ya kuingizwa njia ya haja kubwa, kwa kuwa ndiyo huangusha wengi. Dawa huchanganywa na siagi ya kakao iliyoyeyushwa, ikamiminwa kwenye matundu ya kalibu na kuganda. Chukua mfano huu: sapozitori 10 za gramu 1, kila moja na parasetamoli mg 250. Piga hesabu ya 12, kwani kiasi fulani hubaki kwenye chombo. Dawa ni 12 mara mg 250, yaani gramu 3. Parasetamoli ina kipimo cha 1.5, maana yake gramu 1.5 za dawa huchukua nafasi ya gramu 1 ya siagi ya kakao. Gramu 3 zitachukua nafasi ya gramu 2, kwa hiyo siagi ni 12 kutoa 2, gramu 10.

Ukisahau kipimo hicho ukaweka siagi gramu 12, mchanganyiko utajaza matundu 14, na kila sapozitori itakuwa na mg 214 tu. Ukitoa uzito wa dawa moja kwa moja ukaweka gramu 9, utajaza matundu 11, na kila moja itabeba mg 273 hivi. Kwa macho zote ni nzuri na zinang'aa. Kosa litaonekana zikipimwa kiasi cha dawa.

Siagi yenyewe usiipashe kupita kiasi. Yeyusha sehemu kubwa yake juu ya maji ya moto, ondoa, acha iliyobaki imalizike kuyeyuka kwa joto lililomo. Ikizidishiwa moto hubadilika umbo lake la ndani, kisha inakataa kuganda kwenye joto la kawaida. Na Dar si Machame. Huko hata iliyoyeyushwa vizuri huhitaji kupozwa.

Emulsheni yangu hutengana kabla mwalimu hajafika mezani

*Tulipewa ml 30 za likwidi parafini tutengeneze emulsheni, yaani mafuta yaliyosambazwa ndani ya maji kwa gundi. Nimefuata 4:2:1 kama ilivyo kwenye daftari. Mwanafunzi, Ngaramtoni.*

4:2:1 ni ya mafuta kama ya nyonyo: sehemu 4 za mafuta, 2 za maji, 1 ya gundi ya akasia. Likwidi parafini ni 3:2:1, na mafuta ya harufu kama ya peremende ni 2:2:1. Kwa ml 30 zako ulihitaji maji ml 20 na gundi gramu 10. Wewe umeweka maji 15 na gundi 7.5, ndiyo maana haikushika.

Uwiano ukiwa sawa na bado ikatengana, tazama kinu. Kiwe kikavu kabisa, na mafuta uyapime kwa silinda kavu isiyo ile ya maji, la sivyo gundi hufanya mabonge. Changanya mafuta na gundi haraka mpaka yalainike, kisha mimina maji yote kwa mkupuo mmoja na usage kwa kasi, upande mmoja, bila kupumzika. Maji yakidondoshwa kidogo kidogo hapa, ni maji yatakayonaswa ndani ya mafuta badala ya mafuta ndani ya maji. Iliyokubali huwa nyeupe, nzito, na mchi hulia kwa kukatakata. Ikiwa ya kijivu na ina michirizi ya mafuta, usiiokoe kwa kuongeza maji. Osha, kausha, anza upya.

Baada ya hapo ndipo maji mengine huongezwa polepole. Kitu chochote chenye alkoholi kizimuliwe kwanza na kiingie mwisho, kwa kuwa alkoholi huigandisha gundi. Na lebo isikose "Tikisa chupa kabla ya kutumia". Hiyo ni alama ya bure.

Binti yangu amepata nafasi. Nimwandalie nini?

*Mama, Majengo, Moshi.*

Shikamoo mama, na hongera. Koti jeupe la pamba lenye mikono mirefu, viatu vya kufunika vidole na kalkuleta ya kisayansi, kwa sababu simu haiingii chumba cha mtihani. Vitabu asinunue kabla hajaona maktaba.

Kwa mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Jina likitofautiana na la cheti cha kidato cha nne, hata kwa herufi moja, lirekebishwe sasa. Na namba ya mtihani ya kidato cha nne aliyoombea chuo ndiyo aombee mkopo. Mpe pia hela ya kula ya wiki za mwanzo, maana bumu, hela ya kujikimu ya mkopo, linaweza kuchelewa.

Mwanangu wa mwaka wa tatu anaweza kunisimamia duka likizo hii?

*Mwenye duka la dawa muhimu, Usa River.*

Hapana, mzee. Mwanafunzi hajaandikishwa na Baraza la Famasi. Shahada ni miaka minne, halafu mwaka mmoja wa mafunzo kazini, ndipo usajili. Duka lako linahitaji mtoa dawa aliyefundishwa na kutambuliwa, hata mwanao awe hodari vipi.

Likizo ni bora aombe fildi, yaani kujifunza kazini, kwenye hospitali za Mount Meru, Mawenzi au KCMC, au bohari ya dawa ya serikali (MSD) ya kanda pale Moshi, akiwa na barua ya chuo. Akifika, aombe kupewa kazi ya stoo kabla ya dirishani: kulinganisha kadi ya stoo na idadi halisi rafuni, kupanga dawa ili inayoisha muda mapema itoke kwanza, na kuandika joto la friji asubuhi na jioni, nyuzi 2 hadi 8. Insulini asiisogeze karibu na barafu. Ikiganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana safi.