Mlioniuliza Kama Watu wa Edina Wanaringa

Shangazi na wadogo zangu, nimeona kwenye grupu la ukoo mmetumiana ile orodha ya miji midogo ya Marekani yenye watu wa kuringa. Swali likaniangukia mimi: unafanya kazi Edina, je, hao matajiri hawakudharau?

Orodha zenyewe msizitie maanani sana. Nyingi huchukua bei ya nyumba, kipato na idadi ya wenye digrii, kisha utajiri huo wakauita maringo. Edina, mji wa watu kama 53,000 ubavuni mwa Minneapolis, una sifa hiyo tangu zamani. Jimbo zima la Minnesota huwaita "walaji keki", yaani matajiri waliodekezwa, hasa vijana wao wa shule wakishinda hoki ya barafuni, na hushinda sana. Wenyewe husema orodha ni upuuzi, halafu wanauliza wameshika nambari ngapi. Bibi kizee ninayemhudumia hucheka tu. Kwake, walaji keki halisi wako Wayzata, mji mwingine wa matajiri.

Usoni sijadharauliwa. Watu wanasalimu vizuri. Nyumba ya mamilioni ya dola imekaa wazi kwenye nyasi, bila ukuta, bila askari wa lango kama kule Runda, Nairobi. Ukuta upo, ila uliwekwa kwenye karatasi.

Mtaa wa Country Club wa hapo Edina ulipoanza kuuzwa mwaka 1924, hati zake zilikataza asiye Mzungu kununua, kupanga hata kuishi humo, isipokuwa mtumishi wa ndani wa mwenye nyumba. Yaani mtu kama mimi angekubaliwa mradi yuko kazini. Na Weusi hawakuwa wageni pale. Mmoja wa walioshiriki kuunda kijiji cha Edina mwaka 1888 alikuwa Mweusi, B. C. Yancey. Mliokulia Nairobi hamtashangaa. Muthaiga ya mkoloni nayo Mwafrika aliingia kama mpishi au mtunza bustani.

Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema masharti ya namna hiyo hayawezi kutekelezwa na mahakama, na sheria ya 1968 ikapiga marufuku ubaguzi wa nyumba. Tangu 2019 mwenye nyumba Minnesota anaweza kuyakana rasmi maneno hayo kwenye hati yake, na wapo Edina wanaofanya hivyo. Nawaheshimu kwa hilo.

Lakini bei haijakanwa. Sehemu kubwa ya mji imetengewa nyumba ya familia moja kwa kila kiwanja, wakati jirani zao wa Minneapolis walipitisha mwaka 2018 mpango wa kuruhusu hadi familia tatu. Fleti mpya ikipendekezwa, hutasikia mtu akisema hawatutaki. Utasikia habari za msongamano wa magari na "hadhi ya mtaa". Sisi tunaowaogesha wazee wao na kuwapa dawa usiku tunalala mji mwingine, Brooklyn Park, na asubuhi ya theluji tunaanza kukwangua vioo vya gari kabla hakujapambazuka.

Aliyeuliza kama nitanunua nyumba huko: hapana, mshahara wa kuhudumia wazee haufiki hata mlangoni. Na tafadhali acheni kumwambia baba mdogo kwamba naishi na mabwanyenye. Tangu juzi ananipigia kuulizia bei ya trekta.