Banjo ya nyuzi 6 ilie kama ya nyuzi 5: mimi nilifanya hivi

Mkuu, umesema umenunua banjo ya nyuzi 6, unaituni kama gitaa, na ukipiga country inasikika kama gitaa lililofungiwa ndani ya debe. Chombo chako hakina kasoro. Johnny St. Cyr alipiga banjo ya nyuzi 6 na Louis Armstrong kule Chicago miaka ya 1920, ila ile ilikuwa jazz, na kazi yake kubwa ilikuwa kushikilia mwendo kwa kodi (chord, noti kadhaa zinazolia pamoja). Wewe unatafuta mlio wa Earl Scruggs, mpiga banjo ya nyuzi 5 wa bluegrass, na siri ya banjo yake ni uzi wa 5: umekaa upande wa gumba, mahali ambapo mpiga gitaa anategemea besi, kumbe una sauti nyembamba ya juu kabisa.

Kwenye yangu niliutoa uzi wa 6. Nikatoa na wa 5, ule wa A, nikafunga mahali pake uzi mwembamba wa inchi .009 na kuupandisha hadi G ya juu, sawa na ile unayoipata kwenye uzi wa 1 wa gitaa, freti ya 3 (freti ni vile vichuma vya shingoni). Nyuzi za D, G na B ziache zilivyo. Wa 1 ushushe kutoka E hadi D. Sasa ukipiga bila kubana popote unapata kodi ya G. Laza kidole kwenye nyuzi nne, wa 1 hadi wa 4, freti ya 5, ni C. Freti ya 7, ni D. Ule wa gumba usiuguse kwa mkono wa kushoto.

Mfereji wa A, ule mkato unaoshika uzi pale juu ya shingo, ni mpana, kwa hiyo uzi mwembamba utachezacheza na kukwaruza. Kijipande cha karatasi chini yake kilinitosha.

Kazi kubwa iko mkono wa kulia. Ukifagia nyuzi zote kwa pamoja, ugitaa unarudi palepale. Donoa moja moja: 3, 2, 1, 5, 1, 2, 3, 1. Gumba lichukue 3 na 5, shahada 2, cha kati 1. Anza taratibu sana, kila noti iwe na nguvu sawa na mwenzake, na upige karibu na daraja.

Ikiwa bado inavuma, kaza ngozi ya banjo kwa nati zilizoizunguka: robo mzunguko kila nati, ukienda kwa zinazotazamana, huku ukisikiliza.