Bodi yako ya CM4 haiwaki? Anza na volti 3.3

Umechora bodi yako mwenyewe ya kubebea Raspberry Pi Compute Module 4 (CM4, kompyuta ndogo inayochomekwa kwenye bodi nyingine), umeisubiri kutoka kiwandani mpaka ukachoka, umechomeka moduli, umewasha. Kimya. Wengi wetu hapo hukimbilia mfumo: kupakia upya, kubadili toleo, kuhangaika na kadi ya SD mpaka jua linazama. Weka kadi pembeni kwanza, chukua mita.

Toa moduli. Pima kama kuna shoti kati ya laini ya volti 5 na graundi. Kama hakuna, washa bodi tupu na uthibitishe kwamba volti 5 inafika kwenye pini 77, 79, 81, 83, 85 na 87 za konekta, siyo kwenye soketi ya chaja tu. Ukiwa na pawasaplai ya mezani, punguza kikomo cha ampea kwa jaribio hili la kwanza. Moduli ni ghali kuliko bodi uliyoichora.

Sasa rudisha moduli. CM4 inaomba umeme wa aina moja tu, volti 5. Mwingine inajitengenezea yenyewe, kwa zamu: GLOBAL_EN (pini ya kuiruhusu moduli iwake) inapanda, inafuata volti 3.3, kisha 1.8, na RUN_PG (ishara kwamba umeme uko tayari) mwishoni. Kinachotufaa ni kwamba hiyo 3.3 inatoka nje kwenye pini 84 na 86. Ipime. Kama haipo, kwa kawaida tatizo liko kwenye volti 5 au GLOBAL_EN, basi usiguse programu. Kama ipo na RUN_PG iko juu, umeme wa moduli umekamilika, nenda moja kwa moja mwisho wa makala hii. Kama ipo ila inalegea, angalia ulichoninginiza juu yake: pini hizo mbili kwa pamoja zinatoa miliampea 600 tu, na modemu ya simu haitosheki na hizo.

GLOBAL_EN haina mengi. Ndani ya moduli imeshavutwa juu kwa rezista ya kiloomu 100, kwa hiyo ukiiacha bila kuiunga popote, inawaka. Inagoma pale mtu anapoiunga kwenye maikrokontrola ambayo nayo bado imelala na pini yake iko chini.

Volti 5 ndiyo yenye visa. Mita itakuambia 5.02 na utaamini, kumbe mita inakupa wastani. Moduli inataka volti ipande bila kuyumba mpaka 4.75 na isishuke tena chini ya hapo. Weka oskiloskopu, kifaa kinachochora volti inavyobadilika, pale pale kwenye pini za konekta, iwe ya kunasa tukio moja, uwashe. Bodi mgonjwa inaonyesha mstari unaopanda hadi volti nne hivi, unaanguka, unapanda tena, unaanguka: regyuleta (saketi inayotengeneza volti 5) inazidiwa na kujizima kila moduli inapoanza kuvuta. Sababu huwa ni kebo nyembamba, au regyuleta iliyochaguliwa kwa hesabu ya bodi ikiwa imetulia. Kapasita nazo zina hila yake. Ile ndogo ya seramiki iliyoandikwa mikrofaradi 22 na volti 6.3, ukiipa volti 5 inaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake. Mimi situmii chini ya volti 10 kwenye laini hii, na nachagua yenye umbo kubwa.

Kama umetumia soketi ya USB-C, kila pini ya CC (ziko mbili, zinaiambia chaja kwamba kuna kifaa) inataka rezista yake ya kiloomu 5.1. Ukizisahau, kebo ya A kwenda C itawasha bodi na ya C kwenda C haitawasha, nawe utalaumu kebo. Ukiziunganisha zote mbili kwenye rezista moja, kebo zenye chipu ndani zitagoma. Usione haya, Raspberry Pi 4 ya kwanza ya 2019 ilitoka kiwandani na kosa hilo hilo.

Kisa kinachonipendeza kuliko vyote ni bodi inayokataa kuwaka pale tu unapoichunguza. Umechomeka adapta ya USB-serial kwenye GPIO14 na 15 (GPIO ni pini za matumizi ya jumla) ili usome ujumbe wa kuwaka. Adapta inakula umeme wa kompyuta, na pini yake ya TX, ya kutuma, inakaa kwenye 3.3 hata bodi ikiwa imezimwa. Umeme huo unajipenyeza kupitia daiodi za kinga za GPIO15 mpaka kwenye laini za ndani. Chomoa umeme wa bodi, acha adapta, pima pini 84: ukikuta volti moja na kitu badala ya sifuri, umeshamkamata mwizi. Waraka wa CM4 unakataza pini yoyote kupewa umeme kabla ya volti 5. Washa bodi kwanza, adapta ifuate. Kwenye toleo lijalo weka bafa (chipu ya kupitishia ishara) isiyopitisha umeme ikiwa imezimwa. Sensa zenye regyuleta yao hufanya mchezo huo huo, kwa hiyo regyuleta hiyo iamriwe na 3.3 ya moduli.

Umeme ukishakuwa sawa na bado kimya, angalia pini 78, GPIO_VREF. Lazima iungwe kwenye 3.3 au 1.8 ya moduli. Ukiiacha hewani, GPIO hazina umeme na serial haitasema neno.

Kisha shusha pini 93, nRPIBOOT (ya kuwasha moduli kupitia USB), kwenye graundi, unga USB ya moduli kwenye kompyuta na uwashe. Kwenye Linux andika lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB. Ukiona 0a5c:2711, prosesa iko hai, na sasa una ruhusa ya kugusa programu. Taa ya ACT, ya kuonyesha shughuli, nayo husema: mimweko minne mirefu ikifuatiwa na sita au saba mifupi ni hitilafu ya umeme, rudi kwenye oskiloskopu. Na kama picha inatoka ila kibodi haifanyi kazi, huenda bodi haina kosa. USB ya CM4 inaweza kuwa imezimwa; ongeza dtoverlay=dwc2,dr_mode=host kwenye faili ya mipangilio, config.txt.