Nyufa, ringi bimu na bahari: mmetuuliza kuhusu tetemeko

Lile tetemeko la usiku wa 12 Agosti 2020 lilituachia ufa ukutani, na sasa naona umepanuka. Fundi anataka kuuziba kwa plasta. Nimruhusu? (Msomaji, Ngamiani, Tanga)

Asizibe bado. Bandua plasta kwa tindo, upana wa kiganja, utazame tofali lenyewe. Ufa ukiishia kwenye plasta, hauna neno. Ukipanda kama ngazi kufuata viungo vya matofali, au nyufa mbili zikikatana kama herufi X kati ya madirisha, ukuta umeumia. Chora alama ya penseli kila upande wa ufa, pima umbali, andika tarehe. Pima tena masika na kiangazi. Ukipanuka na kujifunga kufuata mvua, tetemeko linasingiziwa: ni udongo wa mfinyanzi chini ya msingi unaovimba na kusinyaa. Kuta zikiachana kwenye kona, chumba hicho msilale hata leo.

Najenga vyumba vitatu, tofali za inchi 6. Fundi anasema lenta juu ya milango inatosha, ringi bimu (mkanda wa zege lenye nondo juu ya kuta) ni kupoteza hela. (Msomaji, Pongwe)

Hela hupotea nyumba ikianguka. Tetemeko husukuma ukuta kwa ubavu, kona zikaachia, ukuta ukalala nje na paa likafuata. Lenta ya vipande haishiki kona. Kagera, 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 tu liliangusha nyumba nyingi za udongo na za tofali zisizofungwa kwa nondo.

Ringi bimu izunguke kuta zote bila kukatika: nondo nne za milimita 12, ringi (vyuma vinavyozizunguka na kuzishika nondo hizo) za milimita 8 kila sentimita 20. Simamia kona mwenyewe, maana ndipo wanapoharibu. Mafundi wengi hukata nondo pale pale na kuzifunga kwa bainding waya, kazi bure. Nondo ipindwe, ipite kona, ilaliane na mwenzake sentimita 60. Ncha za ringi zikunjwe kuingia ndani ya zege. Zikiishia pembe mraba, hufunguka bimu inapotikiswa. Zege ni ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, 4 za kokoto, na maji yasizidi lita 27 kwa mfuko wa kilo 50. Likiwa uji ni rahisi kumwaga, lakini halina nguvu. Limwagilie siku 7. Mchanga wa ufukweni usiuguse: chumvi yake hula nondo.

Tuko karibu na bahari, Raskazone. Ardhi ikitikisika, tungoje tangazo? (Msomaji, Tanga)

Msingoje. Mtikisiko ukizidi sekunde 20, au bahari ikikauka ghafla wakati si wa maji kupwa, ondokeni kwa miguu kwenda bara au mahali pa juu. Huenda ni tsunami, mawimbi makubwa yanayosukumwa na tetemeko la chini ya bahari, na wimbi la kwanza si lazima liwe kubwa kuliko yote. Msirudi kuokota samaki. Mwaka 2004 wimbi lililotoka Sumatra lilichukua saa kadhaa kufika kwetu, na bado liliua watu Tanzania.

Maafa yakitokea mkoa mwingine, kikundi chetu kichange nguo? (Akina mama, Chumbageni)

Nguo hufurika, na kuzichambua hula muda wa waokoaji. Fikirieni maji: kiwango kinachotumika kwenye misaada ya maafa ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu sita ni lita 90. Changeni fedha, au madumu yenye mifuniko, maturubai, kamba na pedi. Ulizeni kwanza kamati ya maafa ya wilaya husika, kisha andikeni juu ya kila boksi kilichomo na idadi yake.