Ada ya taka mtaani: kwa kilo au kwa mlango?

SWALI: Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha usafi mtaani Langoni, Lamu. Tunahudumia nyumba 40, mbili kati yake zikilaza wageni. Mzoaji mmoja mwenye punda wawili hupita Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Kila nyumba hulipa Sh300 kwa mwezi, jumla Sh12,000, na hakibaki kitu: Sh8,000 ni za mzoaji, Sh2,800 za chakula na matunzo ya punda, Sh1,200 za glovu, magunia na kushona shogi, yaani makapu ya mgongoni mwa punda. Sasa kuna manung'uniko. Bibi anayekaa peke yake analipa sawa na nyumba ya watu tisa na sawa na nyumba ya wageni. Mwanachama mmoja anataka tununue mizani, tupime kila nyumba kila siku na tutoze kwa kilo, hata chupa na plastiki za kurejelezwa. Je, hiyo ndiyo haki? Na tukipima, tupime vipi?

JIBU: Dada mweka hazina, mizani nunueni. Ila itumieni wiki mbili kupanga ada, halafu iwekeni stoo. Kutoza kila ndoo kwa kilo kutawagharimu pesa nyingi kuliko mnavyodhani, na bibi yenu bado hatapata haki anayoidai.

Anzeni kwa kujua pesa zenu zinakwenda wapi. Mpeni mzoaji saa na daftari kwa asubuhi tatu. Aandike dakika anazotumia kupita mlango hadi mlango, na dakika anazotumia kupeleka mzigo jaani na kurudi. Tuseme kazi ya asubuhi moja huchukua muda wa saa 5: saa 3 zaenda milangoni na saa 2 njiani na punda. Basi 60% ya gharama yenu ni ya mlango na 40% ni ya mzigo. Hiyo ya mlango haijui kilo. Mzoaji atapita kwa bibi hata kama ndoo ina maganda ya ndizi mawili tu, na hatua zake kwenye ujia ni zilezile. Anayetoza kwa kilo peke yake anasema, bila kujua, kwamba kupita mlangoni ni bure, na nyumba kubwa ndizo zitakazombebea mdogo gharama ya kupitiwa. Anayetoza sawa kwa wote naye anasema mzigo ni bure. Yote mawili yana kasoro. Lenu la sasa ndilo lenye kasoro ndogo zaidi kwa nyumba za kawaida, na kubwa kwa nyumba za wageni.

Kupima nako ni kazi. Kushika ndoo, kuitundika, kusubiri namba itulie na kuiandika ni dakika 1 kwa nyumba mkifanya haraka. Nyumba 40 ni dakika 40 kwa mzunguko, na mizunguko ni 13 kwa mwezi: karibu saa 9. Mzoaji wenu, kwa saa 5 mara mizunguko 13, anafanya kama saa 65 kwa Sh8,000, kwa hiyo hizo ni zaidi ya Sh1,000 za mshahara kila mwezi, kabla hamjamlipa mtu wa kupiga hesabu na kabla ya ugomvi wa kwanza. Tena mizani inayotumika kudai pesa ni mizani ya biashara. Sheria ya Vipimo na Mizani ya Kenya inataka ikaguliwe na kupigwa muhuri kila mwaka na afisa wa vipimo, na kile kimizani cha kupimia mabegi ya safari hakitapita. Mkipima kwa ajili ya kujua tu, bila kumtoza mtu kwa kilo, hilo haliwahusu.

Kisha kuna uzito wenyewe, ambao Lamu hudanganya sana. Nyumba yenye ua wa mchanga ikifagiwa kila asubuhi hutoa ndoo nzito kuliko jirani anayekaa ghorofani. Ndoo ya lita 10 ya mchanga mkavu hukaribia kilo 15. Wakati wa masika ndoo isiyofunikwa hujaa maji, na boksi la karatasi lililolowa laweza kufika uzito mara mbili. Upande wa pili, makumbi ya nazi hujaza shogi wakati mizani haijastuka, na punda akijaa amejaa: safari imehesabika. Ndiyo maana kwenu kinachogharimu ni nafasi kwenye shogi, na kilo ni njia ya kukisia tu.

Nchi zilizojaribu zililigundua hili mapema. Korea Kusini tangu 1995 huuza mifuko rasmi ya taka, yaani hutoza kwa ujazo. Uzito waliuleta baadaye kwa mabaki ya chakula peke yake, kwa mashine zinazosoma kadi ya nyumba. Ireland ilipanga kulazimisha malipo kwa kilo kuanzia Julai 2016, ikasimamisha mpango kabla haujaanza kwa sababu ya kelele za wananchi. Na hao wana malori yenye mizani juu yake.

Sasa upimaji wa wiki mbili. Mizani ya saa (ya mshale) ya kilo 50, ile ya wauza samaki, mara nyingi ina mistari ya gramu 200. Kwa ndoo ya kilo 2, kukosea mstari mmoja ni kukosea 10%. Tafuteni ya dijitali ya kuning'iniza yenye hatua ya gramu 10 au 20. Ithibitisheni kila asubuhi kwa maji: pimeni dumu tupu, tieni lita 5, namba lazima ipande kwa kilo 5. Ikipishana kwa zaidi ya gramu 100, siku hiyo msipime. Hewa ya chumvi hula vyuma vinavyogusa betri. Mkimaliza toeni betri, futeni ndoano kwa kitambaa kikavu. Msiishike mkononi, kwani mkono hutetema na kila mtu atasoma namba yake. Pitisheni mti imara kati ya mabaraza mawili au tafuteni msumari mkubwa ukutani, muitundike hapo.

Kila nyumba ipimiwe ndoo yake tupu mara moja, na uzito huo uandikwe kwa rangi kwenye ndoo pamoja na namba ya nyumba. Namba, si jina. Daftari liwe na safu nne tu: namba, siku, uzito baada ya kutoa ndoo, na siku ngapi taka zimekusanyika. Safu hiyo ya mwisho ndiyo watu huisahau. Kwa ratiba yenu, taka za Jumatatu na Jumatano ni za siku 2, za Jumamosi ni za siku 3. Usipogawanya uzito kwa siku hizo, Jumamosi itaonekana siku ya anasa. Mzunguko wa kwanza utupeni, maana watu hutumia nafasi kufyeka stoo. Halafu kwa kila nyumba zipangeni namba zilizobaki kutoka ndogo hadi kubwa, mchukue ile ya katikati, msitumie wastani. Harusi moja au samaki mmoja mkubwa huharibu wastani wa nyumba ndogo. Mchanga na maji ya mvua viandikwe pembeni na ndoo hiyo isihesabiwe.

Kwa makadirio, mtu mmoja katika miji ya Kenya hutoa karibu nusu kilo kwa siku, na zaidi ya nusu ya hiyo ni vitu vinavyooza. Namba zenu zikitoka mbali sana na hapo, angalieni kwanza ndoo tupu mlizipima sawasawa. Msichague Ramadhani wala wiki ya Maulidi kuwa kipimo cha mwaka. Nyumba ya watu watano huwa ya watu kumi na watano.

Mkishapata namba, zigeuzeni hisa. Hisa moja iwe kilo 1.25 kwa siku. Chukueni mfano huu, mbadilishe kwa daftari lenu: nyumba 8 za mtu mmoja au wawili zina hisa 1 kila moja, nyumba 20 za watu 3 hadi 6 zina hisa 2, nyumba 10 za watu 7 na zaidi zina hisa 3, na nyumba mbili za wageni, zikitoa karibu kilo 14 kwa siku kila moja, zina hisa 11. Jumla ni hisa 100. Sehemu ya mlango, 60% ya Sh12,000, ni Sh7,200. Gawanyeni kwa nyumba 40, kila moja Sh180. Sehemu ya mzigo ni Sh4,800. Gawanyeni kwa hisa 100, kila hisa Sh48. Nyumba ndogo italipa Sh228, ya kadiri Sh276, kubwa Sh324, na ya wageni Sh708. Jumla inarudi Sh12,000 kamili. Ikikosa kurudi, kuna hisa mmeisahau.

Bibi amepunguziwa Sh72 tu, na wapo watakaosema ni kidogo. Ni kweli, na ndiyo gharama ilivyo. Kama tatizo lake ni uwezo, hilo ni jambo lingine, na halifai kufichwa ndani ya mizani. Kikao kiamue waziwazi kumsamehe, na Sh228 zake zigawanywe kwa wengine. Kwa nyumba 39 haifiki Sh6 kwa kila moja.

Wenye nyumba za wageni watalalamika. Waonyesheni daftari lao wenyewe, si la jirani. Msimu wageni hawapo, wapimwe tena wiki moja, hisa zishuke.

Kuhusu taka za kurejelezwa: msizitoze kwa kilo. Chupa tupu ya maji ya nusu lita ina gramu chache tu. Mnahitaji kati ya 50 na 80 kupata kilo moja. Ukiitoza ni senti, ukiinunua ni senti, na mzoaji amepoteza dakika. Lakini chupa hizohizo zisipokanyagwa hula nusu ya shogi. Kwa hiyo dai lenu kwa kila nyumba liwe hili: zimwagwe zikauke, zikanyagwe, kizibo kirudishwe, ziwekwe gunia la peke yake. Mzoaji achukue gunia hilo Jumamosi moja kati ya mbili. Chupa yenye mafuta au soda ndani huvuta nyuki na sisimizi na huharibu gunia zima, na mnunuzi hulikataa au hulishusha bei. Plastiki zenye namba 1 kwenye pembetatu ya chini zisichanganywe na zenye namba 2, kama madumu ya mafuta na chupa za sabuni.

Msiahidi nyumba punguzo kubwa la kutenganisha. Mzigo wa Lamu lazima uvuke kwa mashua hadi Mokowe, upande wa bara, kabla haujaona lori, na nauli hiyo hula faida. Zaidi ya hapo, punguzo mnalompa mmoja litatoka kwa mwingine maadamu gharama haijashuka. Kinachoshusha gharama ni safari za punda kupungua. Kwa mfano wetu, nyumba zote hutoa karibu kilo 125 kwa siku, yaani kwa wastani karibu kilo 292 kwa mzunguko, na kwa kilo 50 kwa punda hiyo ni safari sita. (Msimpandishe zaidi ya hapo. Mgongo ukishachubuka, wiki nzima hamna punda.) Taka zinazooza zikiwa 60%, na nusu yake ikabaki nyumbani, machicha kwa kuku, maganda kwa mbuzi, mengine shimoni kwa mbolea, mzigo unapungua karibu kilo 90, na safari karibu mbili zimeondoka. Hapo ndipo pa kutoa punguzo: hisa moja chini kwa nyumba yenye hisa 2 au zaidi inayobakiza vya kuoza, baada ya kupimwa mizunguko mitatu. Matumbo ya samaki yafukiwe kwenye kina cha zaidi ya sentimita 30, la sivyo paka watayafukua kabla ya adhuhuri. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 nayo inataka vinavyooza vitenganishwe na visivyooza, kwa hiyo hamwombi watu fadhila.

Baada ya ada mpya, endeleeni kufuatilia mtaa mzima, si nyumba moja moja. Hesabuni safari za punda kila mzunguko na kupima shogi moja. Mzigo ukishuka ghafla na hakuna mashimo mapya ya mbolea, basi taka zimehamia mahali: tembeeni ufukweni maji yakipwa, na mtazame moshi wa alfajiri. Hii ndiyo hatari kubwa ya ada kwa kilo. Kila gramu iliyotupwa baharini ni pesa imebaki mfukoni mwa aliyeitupa. Kwa hisa, kutupa hakumpunguzii mtu kitu.

Daftari likae kwako peke yako. Ndoo ya taka husema nani ana mtoto mchanga, nani anatumia dawa gani, nani amekula nini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi lililotajwa na zisizidi hilo kusudi. Usipige picha za ndoo, usibandike orodha ya kilo kwenye kikundi cha WhatsApp, na wala mzoaji asifungue gunia mlangoni. Mkitaka kujua mchanganyiko wa taka, changanyeni ndoo kumi kwenye turubai, mtenganishe kwa glovu nene, na sindano zikionekana ziokotwe kwa koleo na kuwekwa kwenye dumu gumu lenye kizibo.

Nyumba ikifungwa kwa safari ya mwezi mzima, mwenyewe akatoa taarifa kabla ya tarehe 1, alipe Sh180 za mlango tu. Akitoa taarifa baada ya hapo, alipe kamili, kwa sababu mzoaji alishapita akabisha.